Niazime Macho ya Mtoto

Siku ile shida yangu kubwa ilikuwa maji. Nacheka nikikumbuka. Maji!

Ilikuwa mwaka wa 1976, hapa hapa Isiolo, mtaa wa Chechelesi. Kesho yake wifi yangu Gababo alikuwa anaolewa, na nyumba ilijaa wanawake waliokuja kusaidia. Wengi walikuwa hodari wa kusaidia kula. Ukitaja debe na bomba, kila mmoja anakumbuka mgongo wake unauma. Basi nikachukua debe mwenyewe, nikamshika mkono binti yangu Racho, tukatoka. Jua lilikuwa limebaki kidogo sana.

Racho alikuwa na miaka sita. Kabla yake nilizika wawili ambao hata kukaa walikuwa hawajajua, kwa hiyo huyu nilimpenda kwa woga. Mchana ule nilikuwa nimempaka wanja kwa ajili ya arusi. Akawa anatembea ameinua kidevu, anataka Isiolo nzima imwone. Nikamtania kwamba akiendelea na maringo hayo bwana arusi atakosea bibi. Alicheka mpaka akajikwaa.

Sasa lazima nieleze jinsi tunavyosema huku kwetu, la sivyo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Mji huu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, na kila mtu ana lugha ya mama yake. Kiswahili ni cha sokoni, tumekiokota njiani. Mtu akikwambia "niuzie mguu," unajua anataka viatu. Mama akilia kwamba kichwa yake imepotea, unamtafutia mtandio. Hatuchekani sana. Mtu anasema nusu, ile nusu nyingine unamsaidia kichwani mwako. Ni adabu. Na mimi Umulkheir, adabu hiyo nilikuwa nayo kupita kiasi.

Bombani hapakuwa na mtu. Jambo hilo lilinifurahisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa foleni na matusi. Nikafungua maji, yakaanza kutoka membamba, yanagonga kitako cha debe. Ta... ta... ta...

Kisha nikasikia harufu.

Ilikuwa harufu ya kibuyu kilichokaa na maziwa siku nyingi bila kuoshwa. Nikageuka. Mwanamke alikuwa anakuja kutoka upande wa laga, ule mto wetu usio na maji. Alikuwa ameshusha leso kutoka kichwani mpaka puani, mdomo tu ndio ulioonekana. Alitembea polepole, anapapasa ardhi kwa vidole vya mguu kabla hajakanyaga. Pale kuna changarawe tupu. Hata paka akipita unamsikia.

Sikusikia changarawe.

Nilimpa salaam aleikum. Hakuitikia. Nikajaribu kwa Kiborana, nikasema nagaa. Kimya. Alisimama karibu na Racho, akainamisha kichwa kama anayesikiliza pumzi zake.

"Mama," alinong'ona. "Niazime macho ya mtoto."

Nilimwangalia Racho na wanja wake mweusi unaong'aa, nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa. Nilisema moyoni, maskini, amekosa neno, anataka ile ya kupaka macho. Tena kwetu mwanamke akikuomba wanja wakati wa arusi, humnyimi, hata kama ni adui yako. Ukimnyima, watu wanasema umemwonea wivu bibi arusi. Nikafungua pindo la leso yangu, nikatoa kichupa cha wanja.

"Chukua," nikasema. "Lakini utarudisha."

"Unanipa?"

"Chukua tu, dada. Arusi ni ya wote."

"Nitarudisha," akasema.

Hakukipokea kichupa. Aliinama, akaweka kidole gumba kwenye kona ya jicho la Racho, akakizungusha. Taratibu. Chini, kisha juu, hivi unavyopitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria. Akaja kwenye jicho la pili. Racho hakulia wala hakurudi nyuma. Mimi nilisimama na mkono umenyooka, nikisubiri apokee.

Kisha akageuka akaenda zake. Alipokuja alikuwa anapapasa. Sasa alikuwa anaruka mawe, mwepesi kama msichana.

Debe lilikuwa limejaa, linamwagikia miguu yangu.

"Mama," Racho akasema, "mbona kumekuwa giza?"

Mbingu bado ilikuwa nyekundu. Niliona kabisa kwamba ni nyekundu. Lakini nikamjibu kwamba magharibi imeingia, twende. Hata yeye nilimsaidia kichwani mwangu.

Asubuhi aliamka na vipele. Vilikuwa vidogo, vimesongamana, vimezunguka kila jicho kwa mstari mmoja kamili, na ngozi ya katikati ilikuwa safi. Mashavu yalikuwa yamelowa. Wanawake wa arusi walimwona wakaanza kunong'onezana kwamba ni kijicho, kwamba nilimrembesha mno. Nilikasirika, nikamfunika mtandio, tukacheza arusi. Nilicheza vizuri. Mungu anisamehe kwa jinsi nilivyocheza.

Siku ya tatu nikampeleka dispensari. Muuguzi pale alikuwa Gakii, Mmeru mmoja mkali, mwenye mikono laini ajabu. Hakutaka kujua habari za kijicho. Alisema ni wanja, kwamba ngozi ya hapo ni nyembamba na wanja wetu wa sokoni haujulikani umesagwa na nini. Niutupe. Nimwoshe kwa maji safi, nimpake mafuta aliyonipa, nimkate kucha asijikune. Nilifanya yote. Kichupa nilikitupa chooni kwa mkono wangu mwenyewe.

Vipele vikaongezeka. Vikapasuka, vikawa magamba, kisha chini ya magamba ngozi ikawa mbichi. Ilikuwa kama mdomo wa kibuyu kinachofunguliwa na kufungwa kila siku mpaka ukingo unalika. Na kila siku, adhana ya magharibi ikianza, Racho alikuwa haoni. Nilimpa kikombe cha chai akanyoosha mkono pembeni, akashika hewa. Macho yalikuwa wazi. Yalikuwa pale. Lakini ukiyatazama ulihisi unagonga nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Unaona nini?" nilimuuliza jioni moja.

"Njia ndefu. Mawe. Watoto wengi wamekaa."

"Uko na nani?"

"Sisi tu," akasema. "Tunatafuta."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Mume wangu, Sharamo, alikuwa amepeleka mbuzi mnada wa Oldonyiro. Aliporudi alimkuta mtoto katika hali ile, akakaa chini, kofia mkononi. Ni mtu wa maneno machache. Alimwita maalim, naye akamsomea mtoto Kurani siku saba. Racho alikuwa anatulia wakati wa kisomo, analala vizuri, hajikuni. Lakini magharibi iliporudi, ilikuja na mambo yake.

Nikarudi kwa Gakii. Safari hii aliangalia muda mrefu. Alisema kutoona jioni kunajulikana, ni lishe, akanipa vidonge na kuniambia nimpe maini na mboga. Kisha akapitisha kidole kwenye ile ngozi mbichi.

"Mama Racho, huyu mtoto analia sana?"

Nikamwambia halii. Mtoto wangu halii hata akianguka.

"Hii ngozi imechomwa na machozi," akasema. "Chumvi. Mtu akilia bila kupumzika, wiki na wiki, ndio anakuwa hivi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ninamjua mtoto wangu kuliko yeye na koti lake jeupe. Lakini njiani nilikuwa nakumbuka yale mashavu yaliyolowa kila asubuhi. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, mkono wangu kifuani pake. Sikuwahi kumsikia hata akishusha pumzi ya kilio. Sasa machozi hayo yalikuwa ya nani?

Aliyenifungua akili ni jirani yangu Nakaale. Nakaale ni Mturkana, alikuwa anapika kwa mapadre, na huko alijifunza Kiswahili cha vitabuni. Alikuwa anaturekebisha sote, bombani, sokoni, mpaka msibani. Tulimwita mwalimu nyuma ya mgongo wake, na mbele yake pia. Siku hiyo alinikuta nimekaa mlangoni, maji yamenifika shingoni, nikamweleza yote kuanzia bombani. Nilimwambia mwanamke aliniomba wanja, nikampa, hakuchukua.

"Alisema wanja?" Nakaale akauliza.

Nikasema alikuwa hajui Kiswahili vizuri.

"Sijakuuliza kama alijua. Nimekuuliza alisema nini. Neno kwa neno."

Nikafungua mdomo nikayasema. Niazime macho ya mtoto. Nilikuwa sijawahi kuyasema kwa sauti. Ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza.

"Na wewe ukamjibu nini?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

Nikanyoosha mkono kama nilivyonyoosha siku ile. Alijua. Alinishika mabega, na mara hiyo hakuwa na neno la kurekebisha.

Nililia siku ile mpaka nikatapika. Si mwizi aliyeniingilia, si mchawi aliyeruka ukuta. Niliombwa kwa adabu, nikampa kwa mdomo wangu. Nilimwambia chukua, na nikaongeza na dada juu yake.

Jioni ile nilimwacha Racho na Nakaale, nikaenda bombani peke yangu. Nilikuta wanawake wawili wanamaliza kuteka. Nikawaambia waniachie nafasi, nina mtu namsubiri. Walicheka, wakadhani mambo mengine. Walipoondoka nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Adhana ikapigwa. Ikaisha.

Harufu ya kibuyu ikaja kwanza.

Alikuja mwepesi, bila kupapasa. Hakuwa amejifunika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mifupa ya uso imetoka, na kuzunguka macho yake kulikuwa na ule mstari, vile vile, mbichi, unachuruzika. Nilitazama ndani ya mstari. Racho alizaliwa na doa dogo la kahawia kwenye weupe wa jicho la kushoto. Doa lilikuwa pale.

Nilipiga moyo konde. Sijui nguvu nilizitoa wapi.

"Rudisha," nikasema.

"Ninarudisha kila asubuhi," akanong'ona. "Sijakudanganya."

"Rudisha yote. Usichukue tena."

Alitikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka tu, mfululizo, yeye mwenyewe kama hayaoni.

"Kesho," akasema. "Jana nimemwona. Yuko ng'ambo, kwa wale watoto. Nimeita, hajasikia. Kesho nitafika."

"Nani?"

"Mtoto yangu. Njaa ilituchukua sisi wawili, siku moja. Mimi nilikuwa kipofu, mama. Sikuwahi kuona sura yake. Nilimjua kwa mkono." Akainua mikono yake, akaitazama. "Huko mikono haishiki. Huko ni kuona tu."

Nitasema ukweli, kwa sababu nimeuficha kwa Sharamo, nimeuficha kwa kila mtu. Nilimhurumia. Nilizika wawili mimi. Najua mikono inavyokaa mitupu. Nikamwambia achukue macho yangu, amwache mtoto. Alinisogelea akanitazama sana, kisha akasema ya kwangu yameshazoea kumtafuta Racho, hayawezi kumtafuta mwingine.

"Siku moja tu," akasema. "Mama. Siku moja."

Aliniomba kwa macho ya mtoto wangu. Macho yale hayakuwahi kuniomba kitu nikakataa, hata sukari, hata kubebwa wakati nimechoka. Siku moja ilikuwa nini? Lakini niliona ile ngozi iliyolika. Nikawaza, ikikatika je? Kesho asubuhi asiporudi nayo je?

"Hapana," nikasema.

Hakubishana. Aliweka kidole gumba kwenye kona ya jicho lake. Mimi nikafumba macho yangu, sikuweza kutazama. Nilipofumbua alikuwa ameshavuta leso mpaka puani. Aligeuka akaanza kurudi upande wa laga, anapapasa kwa vidole vya mguu, anajigonga kwenye mawe. Alikuwa anaita jina. Polepole, kama unavyomwita mtoto aliyejificha kwa mchezo. Jina hilo sijalitamka mpaka leo.

Nyumbani nilimkuta Nakaale analia na kucheka pamoja. Racho alikuwa ameinyooshea taa kidole. Anaiona! Nilianguka mbele yake nikamshika uso kwa mikono miwili.

Aliniangalia. Aliniangalia kuanzia paji la uso, akashuka puani, mdomoni, mpaka kidevuni, kama anayesoma. Nilisubiri amalize. Kisha macho yakanipita, yakaenda mlangoni.

"Mama," akasema, "kwa nini umekataa? Tulikuwa tumemwona."

Alisema hivyo mara moja tu, hakurudia tena maishani.

Vipele vilikauka kwa wiki moja. Gakii alifurahi sana, akasema umeona sasa kazi ya vidonge na maini. Nikamshukuru. Labda ni vidonge kweli. Kuna siku hata mimi naamini hivyo, hasa mchana.

Lakini sikurudishiwa mtoto niliyemwazima. Yule aliyebaki alikuwa na adabu, mtulivu, mwepesi wa kazi. Hakuwa akicheka. Tukienda sokoni alikuwa anasimama mbele ya kila mtoto wa kike, anamtazama usoni, anamwacha, anakwenda kwa mwingine. Nami kila asubuhi alinitazama vile vile, paji mpaka kidevu, kisha akanipita. Nilijaribu kila kitu. Nilimsuka, nilimwimbia, nilimfanyia vichekesho mpaka majirani wakaniona nimerukwa na akili. Alitabasamu kwa heshima. Usiku baba yake alikuwa ananiuliza, huyu mtoto ana nini, na mimi nasema ni mkimya tu, amekufuata wewe.

Mwaka wa 1988 aliolewa na Yattani, kijana mpole anayelima vitunguu kule Rapsu kwa maji ya mifereji. Mwaka uliofuata akapata mimba. Nilikwenda mapema nimsaidie kujifungua, na nilikwenda na tumaini, sitaki kudanganya. Nilijiambia akishakuwa mama atanielewa. Atajua kwa nini nilisema hapana.

Alijifungua asubuhi, mtoto wa kike. Mkunga akamwosha, akamfunga, akampa. Jua lilikuwa linaingia mlangoni, kila kitu kinaonekana wazi. Racho akafunua kitambaa.

Akamtazama paji la uso. Akashuka puani. Mdomoni. Kidevuni.

Macho yake hayakupita.

Yalikaa pale pale. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nasubiri kuyaona yakikaa mahali. Machozi yakaanza kumtoka, na kuzunguka macho, mbele yangu nikiangalia, ngozi ikaanza kuwa nyekundu kwa mstari mwembamba.

"Tumempata," akasema.

Mkunga alicheka, akadhani ni maneno ya furaha ya mzazi. Mimi sikucheka. Nilitaka kukimbia, na nilitaka kumwuliza wewe ni nani, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Mwishowe niliomba kitu kile ambacho bibi yeyote angeomba. Nilinyoosha mikono nikaomba nimshike mjukuu wangu.

Racho alimvuta karibu na kifua. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka sita alinitazama bila kunipita. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyewahi kukunyima kitu.

"Siku nyingine, mama," akaniambia kwa upole. "Hajakuzoea."

Mtoto hakuwa na hata saa moja duniani. Nilikwenda nikakaa nje na mikono yangu mapajani, na ndani nikasikia binti yangu akimwita mtoto kwa jina lile nililolisikia bombani.